Mama mwenye kovu la opareshen apigwe picha kwanza, kusafishwa baadae

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua yenyewe ni ndefu ila naomba usiikate sana maana hili jambo linahusu damu za watu na vizazi vya watu. Mimi ni mkunga hapa Dodoma, baadae nikasomea altrasaundi na sa hivi kazi yangu kubwa ni kupiga picha wajawazito, na kinachonifanya niandike ni ile mimba inayotunga kwenye kovu la opareshen, yaani mama alishajifungua kwa upasuaji huko nyuma, kashika mimba nyingine, sasa kifuko cha mimba badala ya kukaa juu kwenye mfuko wa uzazi kinajishikiza palepale kwenye kovu, chini, upande wa mbele, jirani kabisa na kibofu cha mkojo.

Wengi hamjawahi kuisikia na siwalaumu. Mimba ya kwenye mirija kila mtaa unaijua, hii ya kovu bado, hata kwenye maandishi ya udaktari haina muda mrefu, kesi ya kwanza iliandikwa 1978 kwenye jarida la madaktari la Afrika Kusini, Larsen na Solomon walieleza habari ya mama aliyetoka damu baada ya mimba kuharibika kumbe mimba ilikuwa imejichimbia kwenye kovu. Enzi hizo ilikuwa ni kitu cha kushangaza. Siku hizi makadirio yanayotumika sana ni mimba moja kati ya 2000 hivi, na zinazidi kuonekana kwasababu opareshen zimezidi, Shirika la Afya Duniani lilisema 2021 kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano duniani anazaliwa kwa upasuaji, asilimia 21, wakati 1990 ilikuwa kama asilimia 7, na wanatarajia ifike asilimia 29 mwaka 2030. Sisemi opareshen ni mbaya jamani, opareshen imeokoa wamama na watoto wengi mno na mimi mwenyewe nimesukuma machela kuelekea thieta sijui mara ngapi. Ninachosema, kila opareshen inaacha kovu, na hilo kovu linatakiwa kuangaliwa mimba inayofuata. Na usidhani ni mpaka uwe umepasuliwa mara tatu nne, watafiti walipokusanya kesi zilizoandikwa walikuta karibu nusu ya hao wamama walikuwa wamepasuliwa mara moja tu.

Sasa kwanini damu. Hapa naomba mnisome taratibu maana ukielewa hapa mengine yote yanajieleza. Mfuko wa uzazi ni msuli, nyuzi zake zimepishana na mishipa ya damu inapita katikati yake, kwahiyo mimba ikitoka au kondo likibanduka ule msuli unajikaza na mishipa inabanwa, kama kamba inavyobana mdomo wa gunia, damu inakata. Ndo maana tunachoma oksitosini, ile sindano ya kukaza kizazi, ndo maana mkunga anakukanda tumbo mpaka unamchukia. Lakini penye kovu msuli ni mdogo au haupo kabisa, pale kuna nyama ngumu ya kovu ambayo haiwezi kujikaza, na mimba ikishashika hapo inajitengenezea mishipa mingi tena minene ya kuilisha. Ukiikwangua mishipa inabaki wazi na hakuna cha kuibana, unachoma sindano ya kukaza kizazi, juu kunakaza vizuri, chini pako vilevile, damu inaendelea kumwagika. Alafu ukuta wenyewe pale ni mwembamba, unaweza kukuta milimita 2 au chini ya hapo, chuma cha kukwangulia kikipitiliza kidogo kimeshatoboa na kuingia kwenye kibofu.

Na kwetu mama akija na mimba changa anatoka damu, kinachoandikwa haraka haraka ni nini? Mimba inatishia kutoka, au imetoka nusu, asafishwe, yaani kizazi kikwanguliwe. Kusafishwa imekuwa jibu la kila damu. Mwaka 2012 Timor-Tritsch na Monteagudo wa New York walikusanya kesi 751 za mimba za kwenye kovu zilizokuwa zimeandikwa na madaktari wa nchi mbalimbali, wakaangalia nani alitibiwaje na kilimpata nini, wale waliokwanguliwa tu bila kitu kingine zaidi ya 60 katika kila 100 walipata matatizo, na waliochomwa sindano ya methotreksati, dawa ya kuzuia mimba isiendelee kukua, ya kusambaa mwilini peke yake nao walikuwa hapohapo. Mwaka 2020 chama cha mabingwa wa mama na mtoto aliye tumboni cha Marekani kikatoa mwongozo kwamba hii mimba isikwanguliwe kwa chuma peke yake, wala isitegemewe hiyo sindano peke yake, na pia mama asiambiwe tu asubiri aone, wafikirie kuiondoa kwa upasuaji au kuinyonya kwa mashine huku altrasaundi ikiangalia kila hatua. Mtaona neno linalojirudia hapo, kuangalia.

Nitoe mfano mmoja, hospitali siitaji na mama simtaji. Binti mdogo tu, mtoto mmoja aliyempata kwa opareshen, akaona siku zake zimepita, akapima mkojo, ana mimba, wiki chache baadae akaanza kuona matone ya damu bila maumivu yoyote. Akapigwa picha. Naomba mzingatie hapo, picha alipigwa, mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, hela alilipa. Ripoti niliiona kwa macho yangu baadae, mstari mmoja: mimba ya wiki 8, kifuko kiko chini, inatishia kutoka. Basi. Hakuna alipoandika kama mama ana kovu, hakuna milimita, hakuna habari ya mishipa. Aliyepokea hiyo karatasi akafanya kile ambacho karatasi inamwambia afanye, akamsafisha, na damu ikaja ambayo hawakuitegemea, chumba hakina damu ya akiba, gari ya kumpeleka mbele inatafutwa, ndugu wanapigiwa simu waje kuchangia hata kundi lake la damu halijulikani. Alifika hospitali kubwa akiwa hai tunamshukuru Mungu, lakini kizazi kilitolewa. Ana miaka ishirini na kitu. Kuna mwingine baada yake alikuja na karatasi inayofanana kabisa na ile, huyo tukamrudia picha kabla hajaguswa, tukaona, akapewa rufaa akiwa anatembea kwa miguu yake na ndugu watatu wa kuchangia damu nyuma yake, akafanyiwa upasuaji kwa utaratibu na akabaki na kizazi chake. Tofauti ya hao wawili sio utajiri, sio mji, ni kilichoandikwa kwenye ripoti.

Kwahiyo nataka niseme wazi picha inatakiwa kujibu nini, na hapa nazungumza na wapiga picha wenzangu pamoja na wamama wenyewe, mama akijua anaweza kuuliza.

Kwanza kifuko kipo wapi. Kuna njia rahisi sana ambayo Timor-Tritsch na wenzake waliieleza 2016, unachukua picha ya mfuko wa uzazi kwa urefu, unaugawa nusu kati ya juu na chini, kati ya wiki ya 5 na ya 10 katikati ya kifuko kikiwa nusu ya juu mimba iko mahali pake, kikiwa nusu ya chini karibu na mlango wa kizazi na mama ana kovu basi simama hapo hapo na uanze kuitilia mashaka. Haihitaji mashine ya mamilioni. Lakini angalia huo muda, ikishavuka wiki ya 10 kifuko kinakua na kupanda juu kinajaza uwazi wa kizazi, anayepiga picha ya wiki 14 anaweza kuona mtoto amekaa vizuri tu juu na asijue kabisa kwamba kondo limeota mizizi kwenye kovu. Ndo maana nasisitiza mapema, wiki ya 6, ya 7, wakati picha bado inasema ukweli.

Ya pili, je ni mimba inayotoka na iko njiani tu inapita? Maana mimba iliyoharibika nayo ikishuka inakaa chini vilevile. Hapo unasukuma kidogo kwa probu, kile kifaa cha mashine tunachokishika mkononi, taratibu, mimba inayotoka inateleza, inacheza, iliyojishikiza kwenye kovu haisogei. Na ukiwasha dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha kwa rangi damu inavyotembea, iliyoshika utaona rangi, damu inazunguka pembeni yake, iliyokufa na kushuka haina hiyo damu. Ni dakika mbili za kazi lakini ndizo zinazoamua kama mama anaenda kusafishwa au anaenda rufaa.

Ya tatu ndo kubwa kwangu, unene wa nyama iliyobaki kati ya kifuko na kibofu. Pima pale palipo pembamba kuliko pote, andika kwa milimita. Wachina kwenye mwongozo wao wa 2016 waligawa hizi mimba makundi matatu na mpaka waliouweka ni milimita 3, kundi la kwanza sehemu ya kifuko iko kwenye kovu lakini kubwa yake iko kwenye uwazi wa kizazi na nyama iliyobaki imezidi milimita 3, la pili ni hivohivo ila nyama ni milimita 3 au pungufu, la tatu kifuko chote kimezama kwenye kovu kimevimbia upande wa kibofu na nyama ni nyembamba kabisa au hamna. Kadiri unavyoshuka kwenye hayo makundi ndo hatari ya damu inavyopanda. Kabla yao, 2000, Vial na wenzake wa Uswisi walishagawa mara mbili, inayokua kuelekea ndani ya kizazi na inayokua kuelekea nje kwenye kibofu, na ya kuelekea nje ndiyo ya kuogopa zaidi. Calì wa Palermo kule Italia yeye na wenzake wakaja na kuchora mstari, unaufuata utando wa ndani wa kizazi kutoka mlangoni mpaka juu, alafu unaangalia kifuko kimeuvuka huo mstari kwa kiasi gani kuelekea ukuta wa mbele, kikiwa theluthi mbili au zaidi kiko upande wa mbele ujue kondo lina uwezekano mkubwa wa kung'ang'ania vibaya huko mbeleni. Njia tofauti, swali ni lilelile, imezama kiasi gani.

Kingine ni hiyo damu yenyewe inayozunguka, dopla. Kama rangi ni vitone viwili vitatu ni jambo moja, kama kifuko kimezungukwa na rangi pande zote na kuna mabwawa bwawa ya damu ndani ya kondo, hiyo ni habari nyingine kabisa na lazima dokta aijue kabla hajavaa glovu. Ongeza hapo ukubwa wa kifuko na wiki za mimba, maana mimba ya wiki 6 na ya wiki 9 hazitoi damu sawa hata zikiwa zimekaa mahali pamoja, kila wiki inayopita mishipa inanenepa. Hili nalo ni sababu ya mimi kupiga kelele kuhusu kuwahi.

Hakuna namba moja hapo inayotosha peke yake, unaziweka pamoja. Mimba ya wiki 6, kifuko kidogo, nyama milimita 5, rangi kidogo, huyu anaweza kunyonywa kwa mashine altrasaundi ikiwa tumboni inaangalia, katika hospitali yenye damu na yenye thieta, na kwa kawaida inaenda vizuri. Mimba ya wiki 9, nyama milimita 1, imevimbia kibofu, rangi imezunguka kote, huyu asiguswe kwa kupitia chini bila maandalizi, huyu ni wa bingwa, wa kufungua au kutumia kamera ya tumboni, kuiondoa pamoja na kovu bovu na kushona upya, na ikiwezekana mishipa inayopeleka damu kwenye kizazi izibwe kwanza kwa kupitia mshipa wa paja. Muhimbili tangu 2018 wameanza kufundisha na kufanya hizi tiba za kupita ndani ya mishipa kwa kushirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha Yale, kwahiyo sio hadithi za Ulaya tu. Na pale ambapo hakuna hiyo, katheta ya Foley, ule mpira wa mkojo wenye puto ambao upo vituo vingi, ukiijaza maji ndani ya kizazi pale kwenye kovu inakandamiza mishipa na kununua muda, wengine wanatumia ya puto mbili, na London wapo wanaoshona mlango wa kizazi kwa uzi baada ya kunyonya ili damu ijibane yenyewe humo ndani. Lakini hivi vyote unavitayarisha kabla. Ukianza kutafuta katheta wakati damu imeshafika sakafuni umechelewa.

Mtu ataniuliza mbona unataja Wachina sana. Nawataja kwasababu wao ndo wamekutana na hili tatizo kwa wingi kuliko karibu wote, utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 na 2008 ulikuta kwenye hospitali za Uchina zilizoangaliwa karibu nusu ya wamama, asilimia 46, walijifungua kwa upasuaji, wengi wakiwa na mtoto mmoja kwa sheria ile ya zamani, alafu 2016 familia zikaruhusiwa watoto wawili, basi mamilioni ya wamama wenye kovu wakarudi kubeba mimba. Madaktari wao wakawa na kesi nyingi na wakaanza kutafuta namna ya kujua mapema nani atatoka damu nyingi thieta. Wanachukua picha za altrasaundi na za MRI, ile mashine kubwa ya sumaku, za wamama waliokwisha kutibiwa, wanapima unene wa kovu, ukubwa wa kifuko, jinsi mishipa inavyoonekana, wanalinganisha na damu iliyotoka kweli wakati wa upasuaji, alafu wanatengeneza hesabu ambayo ukiweka vipimo vya mama mpya inakupa uwezekano wake wa kutoka damu nyingi. Wengine wameenda mbali, kompyuta inafundishwa kusoma picha ya MRI yenyewe na kuona alama ambazo jicho la mtu halioni.

Mimi nazisoma hizi kazi kwa hamu na naziheshimu sana, ila naomba tuzipokee kwa akili. Nyingi zimefanyika hospitali moja moja, kwa kurudi nyuma kwenye mafaili, na hata maana ya damu nyingi inatofautiana, wapo waliosema mililita 200 tayari ni nyingi, wengine 500, sasa hesabu ya huyu huwezi kuibeba tu ukaitumia kwa mgonjwa wa yule. Na mama wa kwetu anaweza kuingia thieta akiwa na wingi wa damu wa 8 tu kwasababu ya malaria na minyoo na lishe, huyo mililita 500 zinamwangusha wakati mwenzake mwenye damu ya kutosha angezivumilia. MRI inasaidia sana pale altrasaundi imeleta utata au pale unaposhuku mimba imeshaingia kwenye kibofu, inaonyesha nyama na mipaka vizuri, lakini mashine ziko hospitali chache na gharama yake wote tunaijua. Altrasaundi ya kupitia ukeni ikishikwa na mtu anayejua anachotafuta iliwahi kukutwa inagundua karibu 85 katika kila 100 ya hizi mimba. Kwahiyo mimi siwezi kukaa kusubiri kompyuta ya kusoma MRI wakati milimita zinaweza kupimwa leo na mashine iliyoko hospitali ya wilaya.

Nimegusa hiyo ya kupitia ukeni na najua hapo ndo wengi wanashtuka. Wamama wengi wanaogopa, wanaona aibu, wengine mume akisikia anakuja juu, anauliza kwanini mke wangu aingizwe kitu. Haina madhara kwa mimba, haisababishi mimba kutoka, probu inavishwa kondomu mpya kila mama, unafunikwa na kanga yako, na unaweza kuomba awepo mkunga wa kike humo ndani. Ya tumboni peke yake kwenye mimba changa inaona kwa mbali, hasa mama akiwa na tumbo nene au kovu lililovuta, na milimita 1 na milimita 4 kwa mbali zinafanana. Wapiga picha nasi tujirekebishe, mama anaambiwa panda, vua, lala, bila maelezo, mlango uko wazi watu wanapita, alafu tunashangaa anakataa. Mweleze kwanza. Mfungie mlango.

Tatizo jingine ni muda wa kuanza kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema mjamzito apate walau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, ni mwongozo mzuri kwa mama wa kawaida, ila kwa mama mwenye kovu wiki ya 20 ni mbali mno kwa hili ninalolisema. Wamama wetu wengi wanakuja kliniki mimba ina miezi minne mitano, wengine wanaificha kwanza mpaka ionekane, mila zetu ndo hivo. Naomba basi tuanzie siku ile mama anaruhusiwa wodini baada ya opareshen, pale anapoelezwa kuhusu kidonda na uzazi wa mpango aambiwe na hili, na liandikwe kwenye kadi yake kwa kalamu inayosomeka: ukikosa siku zako mimba ijayo, njoo upigwe picha wiki ya 6 au ya 7, usisubiri kliniki. Maneno machache tu. Wizara ya Afya wakiona inafaa waweke pia kwenye fomu ya ripoti ya altrasaundi ya mimba changa sehemu za kujaza: ana kovu au hana, kifuko kiko nusu ya juu au ya chini, nyama kati ya kifuko na kibofu milimita ngapi, dopla inaonyeshaje. Sehemu ikiwepo kwenye fomu mtu atajaza, isipokuwepo siku ya wagonjwa wengi ataruka, naijua hiyo siku.

Na nyie mlioko kwenye maduka ya dawa nawaomba sana. Mama anakuja anasema siku zimepita, au anatoka damu, anapewa vidonge vya kutoa mimba bila swali hata moja, au dawa za majani za kusafisha kizazi. Kama mimba iko kwenye kovu vidonge vinaweza kuanzisha damu akiwa nyumbani kwake usiku na hamna atakayejua kinachoendelea. Muulizeni kama amewahi kupasuliwa, na akisema ndio mwambieni aende akapigwe picha. Wababa pia, mkeo mwenye kovu akikwambia anahisi mjamzito usimwambie tutaenda mwezi ukiisha, hela ya picha moja tafuta, na jua kundi lake la damu na lako na la shemeji zako, maana siku ya siku watakaoitwa ni nyie.

Mama ukienda kupiga picha nenda na karatasi ya opareshen ya mwisho kama unayo, kama huna sema mwaka uliopasuliwa na mara ngapi, usiogope kusema hata kama hawajakuuliza. Usimalize mkojo wote kabla ya kuingia, kibofu kiwe na mkojo kiasi, sio wa kukubana, kwasababu ndo unatusaidia kuona mpaka kati ya kibofu na kizazi. Ukiona damu nyingi, au kizunguzungu, au maumivu makali ya chini ya tumbo, usisubiri asubuhi, huduma ya m-mama piga 115 bure, wataratibu usafiri. Na kama umekutwa na hii mimba usijilaumu, hukufanya chochote kibaya, ni bahati mbaya ya mahali ilipojishikiza, na ikigundulika mapema wengi wanatibiwa na wanakuja kubeba mimba nyingine vizuri, ila hiyo nyingine nayo ipigwe picha mapema zaidi.

Kwa wenzangu wapiga picha, ukishaona kifuko kimekaa kwenye kovu usimpe mama bahasha ukamwambia peleka kwa dokta wako, anaweza kwenda nayo nyumbani akaiweka kwenye kabati mpaka Jumatatu. Mwambie akae hapohapo kwenye benchi, mpigie simu dokta wewe mwenyewe, msomee hizo milimita, mwambie na rangi ya dopla ikoje, uliza benki ya damu wana nini siku hiyo, na mama asiondoke mpaka mmekubaliana anaenda wapi na anaenda na nani.

Wenu msomaji,
Mkunga na mpiga altrasaundi, Dodoma